Mzee Mwenye Ugonjwa wa Kusahau Asinyang'anywe Jembe

Umezuka mtindo katika nyumba za watumishi wengi wa umma mijini ambao hapana budi ukemewe kabla haujawa mila. Mzazi aliyeko kijijini huanza kusahau. Hurudia swali lile lile mara nne, hupotea katika njia ya kisimani aliyoipita kwa miaka hamsini, humwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufariki. Watoto hufanya kikao, huchangishana nauli, na mzee huletwa mjini. Chumba hutengwa, godoro jipya hununuliwa, televisheni huwashwa, na msichana wa kazi hupewa amri mbili: mzee asitoke nje ya geti, na mzee asiguse kitu. Kisha watoto huenda kazini wakiwa na dhamiri safi. Jioni wageni wakiuliza habari za mzee hujibiwa kwa fahari kwamba yupo, anapumzika.

Anapumzika! Neno hilo limegeuzwa kuwa shuka la kufunikia dhuluma. Mtu aliyelima tangu akiwa na miaka saba, akalea watoto, akasomesha, akazika na kuzalisha, leo huamka saa kumi na moja alfajiri na kulitafuta jembe lake asilione. Hutafuta ndoo, huambiwa akae. Huenda getini, hurudishwa. Baada ya miezi michache ya kuketishwa namna hiyo huanza kupiga kelele jioni, kufungua na kufunga kabati, kuvuta mapazia, na kumtuhumu yule msichana kuwa amemwibia. Hapo watoto hutikisa vichwa na kusema ugonjwa umezidi. Yumkini umezidi, maana ni ugonjwa wa kuzidi. Lakini ni nani katika nyumba hiyo aliyepata kujiuliza ni kiasi gani cha ghasia hiyo kimetokana na ugonjwa, na ni kiasi gani kimetokana na mikono iliyonyimwa kazi?

Ni vema kwanza jambo lenyewe lieleweke, kwa sababu hata miongoni mwa wasomi wapo wanaosema "huo ni uzee tu". Si uzee tu. Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimensia, ni hali ya ubongo kuharibika kutokana na maradhi mbalimbali. Lililo kubwa kuliko yote ni lile lililoelezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, na ambalo hadi leo hubeba jina lake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 walikuwapo watu milioni 57 wenye hali hiyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu wanajidanganya. Hapa hapa nchini, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 na 2010 kwa wazee wenye miaka 70 na kuendelea ulionyesha kuwa kiasi cha 6 katika kila 100 walikuwa nao. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Basi, wengi wakisikia kwamba dawa hakuna huhitimisha kwamba hakuna la kufanya. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Ugonjwa huu haufuti kila kitu kwa siku moja wala kwa usawa. Katika ugonjwa wa Alzheimer hutangulia kupotea mambo ya karibuni: alichokula asubuhi, aliyekuja jana, alikoweka ufunguo. Mambo ya zamani hukawia, na ujuzi wa mikono hukawia zaidi. Bibi asiyelijua jina la mwanawe aliyeketi mbele yake huweza kupewa ungo wa mchele, na vidole vikaanza vyenyewe kupepeta, kutenga chuya, kuokota jiwe. Mvuvi asiyejua leo ni siku gani huweza kushika wavu uliotatuka akaushona fundo kwa fundo. Ujuzi huo haumo katika maneno, umo katika mwili. Mwenye kumnyima mzee kazi humnyima kile hasa ambacho ugonjwa haujamnyang'anya.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa kila shule, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni kemeo kwa wavivu. Lakini ina upande wa pili ambao walimu hawausemi. Kumpa mgeni jembe siku ya tatu ni kumwambia kwamba sasa si mgeni tena, ni mwenzi, ana sehemu yake katika nyumba hii. Jembe ni uraia wa nyumba. Sasa na itazamwe hali ya mzee huyu wa mjini. Amekaa miezi sita, mwaka, miaka mitatu, na siku ya tatu haijafika! Amefanywa mgeni wa daima katika nyumba ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, na bado watu hushangaa anapobeba kifurushi chake kila jioni na kusema anataka kurudi kwao.

Wako watakaojitetea kwa maandiko. Watakumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa kuwa msingi wa siasa ya Afrika, aliwatetea wazee walioonekana kuketi bila kufanya kazi, kwa kuwa walikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wao. Ndivyo alivyoeleza, na ni kweli tupu. Lakini mzee aliyezungumzwa pale hakuwa amefungiwa chumbani. Alikuwa barazani, akiamua kesi, akigawa mashamba, akisimulia, akichonga mpini huku watoto wakimzunguka. Alisamehewa jasho, hakufukuzwa katika shughuli. Kusamehewa wajibu ni jambo moja, kupokonywa haki ni jambo jingine kabisa, na anayeyachanganya mawili haya ama hajasoma vizuri ama anatafuta kisingizio.

Si lazima mambo haya yabaki katika hoja tupu, kwa sababu yamejaribiwa. Katika wilaya ile ile ya Hai, watafiti walichukua utaratibu wa kuchangamsha akili uliobuniwa Uingereza, ambamo kikundi kidogo cha wagonjwa hukutana mara 14 katika wiki 7, wakaufanyia marekebisho. Marekebisho hayo ndiyo ya kuzingatiwa na kila mwalimu. Wazee wengi hawakuwa wamesoma, kwa hiyo shughuli zilizotegemea kalamu na karatasi ziliondolewa au kubadilishwa, na mahali pake zikaingia nyimbo zinazojulikana, vitu vya nyumbani vya kushikwa mkononi na mazungumzo ya mambo ya kale ya kwao. Wazee 34 walishiriki, na matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Hali ya fikra ilikuwa na nafuu, maisha yao yakawa na ubora zaidi, na hata mashaka ya wagonjwa yalipungua. Hawakupona, na hakuna aliyedai hivyo. Lakini nafuu hiyo haikuhitaji mashine ya kuagizwa kutoka ng'ambo, bali mhudumu aliyefunzwa, mahali pa kuketi na wenzao wa rika lao.

Hapa hapana budi kusema neno juu ya mzigo wa vitu vya kuchezea unaoanza kuingia nchini. Wenye uwezo hununua mafumbo ya vipande vya picha, vitabu vya kupaka rangi, na wanasesere, wakampa mzee wa miaka themanini kama apewavyo mtoto wa chekechea, eti mzee amerudi utotoni. La hasha. Mtoto hajui bado, na mzee alijua. Tofauti hiyo ni kubwa, na mzee mwenyewe huihisi hata asipoweza kuitamka. Atakitazama kile kitabu cha kupaka rangi, atakiweka kando kwa adabu, na mwanawe aliyekilipia ataudhika. Mwanamke aliyefunga mikungu ya ndizi na kuibeba sokoni kwa miaka arobaini ana sababu gani ya kupaka rangi picha ya sungura?

Kazi yenye maana haihitaji kununuliwa, inahitaji kukumbukwa. Swali la kuuliza si "tumpe nini achezee?" bali ni "huyu alikuwa nani?". Aliyelima mahindi apewe magunzi ya kupukuchua, na mahindi hayo yakasagwe, ugali wake uliwe mezani mbele yake akiambiwa ni wa mahindi yake. Aliyekulia katika migomba ya Kilimanjaro amenye ndizi. Wa pwani asuke ukili, au afume kofia, hata kama ua la leo halitafanana na la jana. Fundi seremala apewe msasa na ubao, asipewe msumeno. Karani mstaafu awekewe faili na karatasi za zamani azipange, azipige mhuri, azifunge kwa uzi. Aliyekuwa imamu au mwinjilisti apewe nafasi ya kusoma dua ya chakula, maana yapo maneno aliyoyahifadhi utotoni ambayo yatamtoka bila kukwama hata siku ambayo hawezi tena kueleza kuwa ana kiu. Na bao! Wapo wazee wasioweza kusema wako wilaya gani, lakini ukiwawekea bao mkono hujua kete zinakwenda wapi.

Na mwalimu je? Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, nchi hii iliamua watoto wote wapate elimu ya msingi, na katika miaka iliyofuata vijana maelfu waliingia madarasani wakiwa wamemaliza shule ya msingi tu. Walimu wale wa UPE wamekwisha kuvuka miaka sitini. Baadhi yao wameanza kusahau. Mwalimu wa namna hiyo akipewa kipande cha chaki na ubao mdogo, na wajukuu watatu wakaketi chini, huweza kuendesha somo la kutaja mwezi na wiki na kujumlisha hadi ishirini. Atalirudia somo hilo hilo kesho, na keshokutwa. Watoto hawatadhurika kwa kurudia, kwani hakuna mtoto aliyepata kuharibika kwa kujua sana kujumlisha.

Namna ya kuifanya kazi hiyo nayo ina kanuni zake, ingawa si elimu ya juu. Maelekezo yatolewe moja moja, maana anayeambiwa kwa pumzi moja "chukua sahani ukaoshe kisha uweke kabatini" atabaki amesimama na sahani mkononi. Vifaa vyote viwe mbele yake. Mwenye kumsaidia aanze kwanza, mzee amwige. Saa za asubuhi ni bora kuliko za jioni, ambapo wengi wao huchafukwa na roho. Na jambo gumu kuliko yote kwa watu waliozoea kusahihisha madaftari ni hili: asisahihishwe. Akiikunja shuka vibaya, imekunjwa. Anayeikunjua mbele ya macho yake na kuikunja upya amemwambia kwa vitendo kwamba kazi yake si kitu, na hakuna mzee aliyechakaa akili kiasi cha kutoielewa lugha hiyo.

Mpaka pia uwekwe wazi, kwa sababu wanyonyaji hawakosekani. Mwenye biashara ya chakula atakayemketisha mama yake tangu alfajiri hadi magharibi achague mchele wa wateja hakufuata ushauri wa makala hii. Huyo anamtumikisha. Shughuli ni ya mzee, ana haki ya kuiacha katikati, kuinuka na kwenda zake kivulini, na asiulizwe amemaliza kilo ngapi.

Lakini ukweli usemwe. Si hofu ya kumtumikisha mzee inayowazuia watumishi wengi, ni hofu ya majirani. Watu watasema nini wakimwona mama wa Mkurugenzi anafagia uwanja? Watasema mtoto ameshindwa kuajiri mtu. Hiyo ni kasumba. Ni fikra ya mabwanyenye, inayopima heshima ya mtu kwa idadi ya vitu asivyovigusa kwa mikono yake. Na ni ajabu kwamba nyumba hiyo hiyo inayoona aibu kwa bibi kushika ufagio haioni aibu yoyote kwa binti wa miaka kumi na minne, aliyetolewa Singida au Njombe, kuachiwa peke yake mgonjwa asiyemwelewa, saa kumi na mbili kwa siku, kwa ujira wa kununulia kandambili. Binti huyo hakufundishwa kitu. Akipigwa na mzee husemwa ni mkorofi, na mzee akianguka hufukuzwa.

Inafaa ikumbukwe vilevile kwamba pale ambapo hakuna binti wa kazi, mzigo wote huwaangukia binti wa mzee na mke wa mwanawe. Kaka hutuma fedha na kutoa maagizo kwa simu. Mwanamke ndiye anayekesha. Naye hupata nafuu pale mzee anapokuwa na shughuli yake ya asubuhi, kwa sababu anayeshughulika hafuatifuati watu nyuma chumba kwa chumba.

Vijijini hatari ni nyingine, nayo ni ya kufa na kupona. Katika mikoa ya Usukumani wanawake wazee wengi wamepata kuuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotiwa moshi wa jikoni miaka yote. Bibi anayetoka usiku asijue aendako, anayesema peke yake, anayemtaja marehemu kama yu hai, anatembea karibu na panga. Akifungiwa ndani huzidi kuwa fumbo, na fumbo huzaa uvumi. Lakini bibi anayeonekana kila asubuhi uwanjani na wenzake, akipukuchua na kuimba na kukosea na kuchekwa kwa upendo, ni vigumu kumfanya jini. Kijiji kizima kinamjua anaumwa nini.

Itasemwa kwamba fedha hazipo na wataalamu ni wachache. Wataalamu ni wachache kweli. Wa tiba kwa vitendo, ambayo ndiyo fani hasa ya jambo hili, hawatoshi hata hospitali za mikoa. Lakini nchi hii iliwahi kufanya makubwa zaidi ikiwa na wataalamu wachache zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi wengi wao walikuwa wananchi wa kawaida waliopewa mafunzo ya siku chache. Mwenye miaka themanini leo alikuwa kijana wakati ule. Yeye ndiye aliyechimba. Nyimbo za kampeni zile huenda ndizo pekee zilizobaki kichwani mwake zikiwa kamili. Taifa lililoweza kukusanya milioni mbili kuzunguka redio za betri linashindwaje kukusanya wazee kumi chini ya mwembe wa zahanati mara mbili kwa wiki?

Sera ya Taifa ya Wazee ilipitishwa mwaka 2003. Mabaraza ya wazee yapo. Madirisha ya wazee yamefunguliwa katika vituo vya tiba, na mzee hupimwa shinikizo la damu akapewa vidonge, jambo jema. Lakini katika dirisha hilo haliulizwi swali moja dogo lisilogharimu hata senti: mzee huyu hushinda akifanya nini? Muuguzi aliulize, na jibu aliandike katika daftari la mgonjwa kama anavyoandika uzito. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, ambao hufika majumbani kutazama watoto wachanga, wafundishwe kumtazama na anayesahau. Maofisa ustawi wa jamii waache kungojea mzee atelekezwe ndipo faili lifunguliwe.

Na shule zina bustani, zina uwanja, zina watoto wasiojua vitendawili. Mwalimu mkuu haitaji waraka wa Wizara ili kuwaalika wazee wa mtaa wake, wenye kumbukumbu na waliopungukiwa, waje Ijumaa moja kupalilia mchicha pamoja na Darasa la Tano na kutega vitendawili. Mzee atatega kitendawili kile kile mara tatu. Watoto wafundishwe kujibu kana kwamba ni mara ya kwanza, wakosee makusudi, wampe mji, na mzee ajigambe kwa mji aliopewa.

Yule mtumishi aliyefunga geti, kwa upande wake, anaweza kuanza kesho kabla hajaenda ofisini. Amwachie mama yake ungo, kilo mbili za maharage yenye taka, na mkeka kivulini mahali anapoweza kuona wapita njia. Amweleze yule binti kwamba kazi yake si kumlinda bibi bali kuketi naye wakachambua wote wawili, na aongezewe ujira. Jioni akirudi asiulize kama mama amesumbua. Aulize maharage yako wapi, kisha yapikwe.